Kibanda cha Mbwa: Tazama Kwanza Ndipo Ununue

Hapa Lucky Summer mbwa wa ploti hufungiwa mchana, usiku hufunguliwa alinde. Tumeona vibanda vya mabati matupu. Jua la saa saba huvifanya jiko! Mbwa hupoa kwa kuhema, hivyo akikosa hewa anaweza kufa. Chagueni cha mbao, sakafu iinuliwe, upande mmoja uwe waya ngumu. Ile ya kuku ataitafuna ajikate mdomo. Asimame, ageuke, ajinyooshe. Ncha za misumari zipindwe. Mnyororo usiingie naye ndani, utamnyonga. Na maji je? Yawepo. Komeo liwe imara, maana watoto hupita hapo, na hata mbwa wa kibandani achanjwe dhidi ya kichaa kila mwaka. Akimng'ata mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mbio hospitali.