Bolti Ndogo ya Mashine ya Kufyekea
Mwananchi anayemiliki au kukodi trekta yenye mashine ya kufyekea majani huenda ameiona hali hii: visu vinagonga kisiki kilichojificha, trekta inaendelea kunguruma, lakini visu havizunguki tena. Wengi hudhani mashine imekufa. Mara nyingi kilichokatika ni bolti moja tu, iliyofungwa kwenye shafti makusudi ili ikatike kabla ya gia boksi kuvunjika.

Kosa kubwa hutendeka hapo. Dereva mwenye haraka huchomeka bolti yoyote aliyonayo, au kipande cha nondo. Kisiki cha pili kikigongwa, nguvu yote huishia kwenye meno ya gia, na gharama ya bolti hugeuka kuwa gharama ya gia boksi nzima. Bolti mbadala iwe na kipimo na ugumu uleule uliotajwa katika kitabu cha mashine. Chache za akiba zikae pamoja na spana.

Kabla ya kuibadilisha, mwendeshaji aiteremshe mashine chini, azime injini, achomoe ufunguo na asubiri visu visimame kabisa. Shafti hiyo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde; ikishika kanga au mkono wa shati, hakuna anayewahi kujinasua. Kinga yake ikipasuka, kazi isimame hadi ipatikane nyingine, hata mvua ikiwa mlangoni.

Kisu kimoja kikibadilishwa, na mwenzake abadilishwe: visu visivyolingana uzito huitikisa mashine na kula beringi.