Maji Taka ya Kambi ya Jeshi Yakivuka Uzio

Maji taka ya kambi ya jeshi hayaishii kwenye uzio. Yakishatoka kwenye mabwawa au mashine za kusafishia, huingia mtoni, ardhini, hewani au kwenye shamba la mtu. Jedwali la Pili la Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya Kenya ya 1999 liliitaja mitambo ya maji taka miongoni mwa miradi inayopaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya ujenzi kuanza. Kinachotazamwa hapo ni mtambo wenyewe. Upanuzi wa mtambo wa zamani nao unastahili uchunguzi wa kina, kwa kuwa huongeza wingi wa maji yanayotoka na mara nyingi hubadilisha mahali yanapotokea.

Kaskazini Mashariki mwa Kenya jambo hili lina uzito wake. Garissa ina kambi za jeshi, na Wajir ina kituo cha jeshi la anga. Tangu vikosi vya Kenya vilipovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, eneo hili limekuwa njia ya askari na vifaa vyao. Idadi ya watu kambini hupanda na kushuka kwa amri: kikosi kinaweza kufika leo na kuondoka wiki ijayo. Mtambo uliopimwa kwa wastani wa mwaka utazidiwa siku hiyo moja, na siku hiyo ndiyo uchafu ambao haujasafishwa vya kutosha hutoka nje. Tathmini iliyo makini huanza na kilele cha idadi, kisha ndipo huangalia wastani.

Hatua ya kwanza ni kujua hali ilivyo sasa. Chukua mfano wa kambi ya watu 2,000, kila mmoja akitumia lita 80 za maji kwa siku. Ikiwa asilimia 80 ya maji hayo hurudi kama maji taka, mtambo unapokea mita za ujazo 128 kila siku. Mtu mmoja hutoa uchafu unaohitaji takriban gramu 45 za oksijeni kwa siku ili bakteria waozeshe. Hesabu hiyo inatoa mahitaji ya oksijeni ya miligramu 700 hivi kwa lita, ambazo ni nyingi kuliko za miji yenye maji tele, kwa sababu uchafu ni uleule na maji ya kuuchanganya ni machache. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka, kwa kipimo hichohicho, kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayoachiliwa kwenye mazingira. Mtambo lazima basi uondoe asilimia 96 ya mzigo huo. Mshauri anayenakili viwango vya maji taka vya Nairobi na kuvipeleka Garissa ameharibu kazi kabla hajapima chochote.

Njia iliyozoeleka katika nchi za joto ni mabwawa yanayopokezana. La kwanza lina kina cha mita tatu hadi tano na huozesha uchafu bila hewa; la pili lina kina cha mita moja na nusu hivi, na mwani wake hutoa oksijeni; ya mwisho yana kina kifupi, na humo jua huua vijidudu huku mayai ya minyoo yakizama. Jua Garissa halikosekani, na mabwawa hustahimili ongezeko la ghafla la watu kuliko mashine. Mashine nazo huhitaji eneo dogo, ila zikikosa umeme au fundi kwa siku chache, bakteria wake hufa na kazi huanza upya. Tangu kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilipozinduliwa nje ya mji wa Garissa Desemba 2019, hoja ya umeme imepungua nguvu kidogo. Hoja ya fundi na vipuri bado ipo.

Kuna jambo moja ambalo ripoti nyingi hulipitia juujuu: mvuke. Garissa hupata mvua ya milimita mia tatu na kitu kwa mwaka, ilhali jua linaweza kukausha zaidi ya milimita 2,000 kwenye maji yaliyo wazi. Hekta moja ya bwawa hupoteza hewani mita za ujazo zipatazo 16,500 kwa mwaka. Kwa kambi ya mfano wetu, hiyo ni zaidi ya theluthi ya maji yote yanayoingia. Maji yakipaa, chumvi hubaki, na kiwango chake hupanda kwa nusu au zaidi. Maji hayo yakimwagiliwa mimea mwaka baada ya mwaka, udongo hujaa chumvi hata kama kila kipimo cha vijidudu ni safi.

Kambi ina pia uchafu ambao mtaa wa kawaida hauna kwa wingi. Mafuta kutoka jiko linalopikia mamia ya watu huziba mabomba. Karakana za magari hutoa oili na viyeyushi, na viwanja vya ndege hutumia povu la kuzimia moto lenye kemikali za florini zisizooza. Mabwawa hayaviondoi vitu hivi, na vingine huua bakteria wanaofanya kazi. Kambi ya Camp Lejeune, Marekani, ndiyo onyo linalojulikana zaidi: kati ya 1953 na 1987 maji ya kunywa ya wanajeshi na familia zao yalikuwa na viyeyushi vya kusafishia vyuma na nguo. Waliodhurika kwanza walikuwa wenyeji wa kambi wenyewe. Kutenganisha maji ya karakana na maji ya vyoo ni gharama ndogo ikipangwa kwenye michoro, na ni kubwa mno baada ya zege kukauka.

Mahali maji yanapoishia ndipo Garissa na Wajir zinapotofautiana. Garissa iko kando ya Mto Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya. Huko chini kuna mashamba ya maembe, ndizi na tikiti maji, kuna vijiji vinavyochota maji mtoni, na mwisho kuna delta iliyotambuliwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mto huo pia hufurika. Mafuriko ya El Niño ya 1997, ya 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 hadi Mei 2024 yalifunika mitaa na kukata barabara. Bwawa la maji taka lililojengwa bondeni litabebwa na maji pamoja na tope lake lote. Tathmini iliyofanywa Februari, laga, yaani mikondo ya maji ya msimu, zikiwa kavu na mto ukiwa chini, haina la kusema kuhusu Mei. Sampuli zichukuliwe misimu yote miwili, wa kiangazi na wa mvua.

Wajir haina mto. Watu hutegemea visima vifupi vinavyochimbwa kwenye miamba ya chokaa, na maji yako karibu na uso wa ardhi kiasi kwamba vyoo vya shimo huyachafua. Ndiyo maana mji huo ulitumia vyoo vya ndoo kwa miongo mingi. Hapo bwawa lisilotandikwa karatasi ya plastiki au udongo mfinyanzi ni njia ya moja kwa moja kuelekea kwenye kisima cha jirani. Visima vya uchunguzi vichimbwe pande zote mbili za mtambo, maji ya chini yanakotoka na yanakoelekea, na vipimwe kabla ya ujenzi ili baadaye kuwe na cha kulinganisha.

Maji yaliyosimama katika nchi kavu huvuta viumbe. Homa ya Bonde la Ufa iliikumba Garissa mwishoni mwa 1997 na tena 2006, na baadhi ya mbu wanaoieneza, jamii ya Culex, hustawi kwenye maji machafu yenye majani ukingoni. Kufyeka kingo na kuzijengea mawe huwanyima mazalio. Ndege nao hufika kwa makundi, korongo wakubwa wanaojulikana sana Garissa wakiwemo. Bwawa jipya likiwekwa karibu na njia ya kurukia ndege za kivita, ndege hao ni hatari kwa rubani.

Na wapo mifugo. Mbuzi na ngamia hawasomi mabango, na mchungaji mwenye kiu ya kiangazi hatayaacha maji yanayotiririka lagani. Katika nchi hii, maji yaliyosafishwa yatatumiwa, iwe mpango umesema au haukusema. Kwa hiyo ni afadhali mpango useme: maji yatamwagilia miti ya kivuli au majani ya malisho, mifugo izuiwe kwa muda gani baada ya umwagiliaji, na nani atapima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 ulitaka, kwa mazao yanayoliwa mabichi, mayai ya minyoo yasizidi moja kwa lita.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kuwasikiliza watu. Kanuni za Tathmini na Ukaguzi wa Mazingira za 2003 zilidai angalau mikutano mitatu ya hadhara na matangazo ya redio kwa lugha ya wenyeji. Mkutano kuhusu mradi wa jeshi Kaskazini Mashariki hauanzi kwenye ukurasa mweupe. Novemba 1980 Bulla Karatasi mjini Garissa, na Februari 1984 kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, raia waliuawa katika operesheni za vyombo vya usalama; Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Mwenye kumbukumbu hizo hatasimama mbele ya maafisa wenye sare kulalamikia harufu. Mikutano ifanyike nje ya kambi, kwa Kisomali, ikiongozwa na raia, na akina mama wanaochota maji wawe na kikao chao.

Usiri una mahali pake. Ramani za mabweni na idadi ya askari hazihitaji kutangazwa. Marekani ilitatua hilo kwa kuweka mambo ya siri kwenye kiambatisho, ripoti iliyobaki ikasomwa na umma. Ubora wa maji yanayotoka nje si siri ya ulinzi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na ushirikishaji hafifu wa umma ulikuwa miongoni mwa sababu.

Leseni ikitolewa, hufuata ukaguzi wa kila mwaka, na kuna kazi ambayo bajeti nyingi huisahau: kufunga mabwawa ya zamani. Tope lake likaushwe, lipimwe metali na mayai ya minyoo, na lizikwe au lisambazwe mahali panapofaa. Uzio wa mabwawa hayo usiondolewe kabla ya udongo kupimwa, maana mvua ya kwanza ikinyesha, hapo ndipo majani yatakapoota mapema, na mbuzi wa kwanza watafika kabla ya mkaguzi.