AC ya Gari: Usijaze Gesi Kabla ya Kujua Inapovuja

Julai ikifika hapa Minneapolis na Saint Paul, wengi wetu tunakimbilia gereji kujaza gesi. Wiki tatu baadaye AC inapuliza joto tena, na pesa ya kutuma nyumbani imeshaondoka. Jamani, gesi ya AC haiishi kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi aweke dawa ya rangi, akuonyeshe hapo mahali. Sisi tunashuku kwanza kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta, maana chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi inaila.

Kompresa ikifa, hapo ndipo watu wanaliwa. Ikisagika ndani humwaga vipande vya chuma kwenye mabomba. Ukifunga mpya bila kusafisha mabomba na kubadilisha draya, kile kikopo kinachonyonya unyevu, nayo itakufa, na aliyekuuzia anaweza kukataa waranti. Kompresa ya kutoa kwenye magari chakavu ni bei rahisi, sawa, lakini ikigoma utalipa ufundi mara mbili. Afadhali yenye waranti ya maandishi, na risiti uitunze.

Sheria ya Minnesota inakulinda. Kazi ikizidi dola 100, omba makadirio ya maandishi kabla fundi hajaanza. Gereji hairuhusiwi kupita makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10 bila wewe kukubali. Mwambie mapema pia kwamba utataka kuona spea ya zamani. Na uliza gari lako linatumia R-134a au R-1234yf ya magari mapya, maana hiyo ya pili ni ghali zaidi.