Hema ya familia: pimeni kwanza kwa vitenge, kisha mlipe



Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, baadhi yetu tulitoka Kalima kwenda Kindu kwa lori. Ni kama kilomita 100 tu, lakini ninyi wenyewe mnaijua barabara yetu wakati wa mvua. Lori lilizama kwenye tope mchana, na jua lilipotua wanaume walikuwa bado wanachimba chini ya magurudumu. Tulikuwa na hema moja ndogo, tuliyoazimwa na ndugu aliyetoka nayo Bukavu. Juu ya mfuko wake kulikuwa kumeandikwa: watu 4. Tuliingia saba, wamama watatu na watoto wanne.

Mvua ilianza kabla ya saa nne za usiku. Kila aliyegusa ukuta alilowa. Maji yaliingia kwa chini, yakafuata mikeka. Alfajiri, mtoto wetu mdogo kuliko wote, wa miezi minane, alikuwa amelowa mgongo mzima, na mwili ulikuwa wa moto. Tulipofika Alunguli, hata kabla ya kuvuka Lualaba, tulitafuta muuguzi kwanza. Mtoto alipona. Lakini tangu siku ile tulisema: hema ya familia si kitu cha kununua kwa kutazama rangi yake.

Wengine watauliza: sisi na hema, wapi na wapi? Tufikiri kidogo. Tunalala porini mara nyingi kuliko tunavyohesabu. Kuna mavuno ya mpunga kwenye mashamba ya mbali, ambako familia nzima hukaa wiki mbili au tatu. Kuna matanga kijijini, wageni wengi na nyumba moja. Kuna lori lililokwama. Watu wa Ulaya hulala kwenye hema karibu na motokari yao kwa mapumziko. Sisi tunalala hivyo kwa sababu ya kazi na safari. Ndiyo maana hema yetu inapaswa kuwa nzuri zaidi, si mbaya zaidi.

Hesabu ya kiwanda na hesabu ya mama

Hema ikiandikwa «watu 6», kiwanda kimewahesabu watu sita waliolala bega kwa bega, kila mmoja na upana wa sentimetre 60 hivi. Hakikuhesabu sufuria, wala bidoni ya maji, wala mfuko wa unga, wala mama anayenyonyesha ambaye lazima ageuke usiku. Hema nyingi za namna hiyo zina sakafu ya karibu metre 3 kwa 3. Ni metre 9 za mraba, yaani moja na nusu kwa kila mtu.

Sasa linganisheni na hema kubwa wanazopewa familia za wakimbizi. Ile ya HCR imepangwa kwa familia ya watu 5. Chumba chake kina metre 16 za mraba, na mbele na nyuma kuna vibaraza viwili vya metre 3 na nusu kila kimoja. Wanaoshughulika na wakimbizi wanahesabu angalau metre 3 na nusu za mraba kwa mtu mmoja, kwa sababu ni mahali pa kuishi, si pa kulala usiku mmoja tu. Sisi tuko katikati. Kwa usiku mmoja wa safari, mtaweza kubanana. Kwa wiki mbili za mavuno, kubanana kunaleta ugomvi, kikohozi na upele.

Kanuni yetu ni hii: soma namba iliyoandikwa, kisha toa mbili au tatu. Familia ya watu watano itafute hema iliyoandikwa 8.

Pimeni uani

Usiamini macho yako dukani. Fanya hivi nyumbani. Kipande cha kitenge cha yadi 2 kina urefu wa karibu metre 1,80. Muulize muuzaji urefu na upana wa sakafu, kisha pima ukubwa huo uani kwa kitenge, uchore kwa kijiti au uzungushe kamba. Sasa waite watoto walale ndani ya mstari. Mtu mzima mpe sentimetre 70, mtoto 50. Wazazi watatu na watoto wanne katika safu moja wanahitaji zaidi ya metre 4. Halafu weka vyombo: bidoni, sufuria, beseni, mfuko wa nguo. Acha njia ya kupita usiku bila kumkanyaga mtu.

Tulipofanya hivyo uani kwa mmoja wetu, watoto walicheka sana, lakini hema tuliyokuwa tumekwisha kuipenda ilishindwa. Bibi alibaki nje ya mstari, miguu yote miwili. Tuliokoa pesa yetu kwa kamba tu.

Msisahau urefu wa kwenda juu. Mama anahitaji kusimama ili avae, amfunge mtoto mgongoni, ageuze mikeka. Kama ni kuinama wiki mbili, kiuno kitadai. Pia tazameni kama kuna pazia la kugawanya ndani. Mabinti wakubwa hawawezi kubadilisha nguo mbele ya baba na wajomba. Hiyo si anasa, ni heshima ya nyumba.

Maji, hewa na wadudu

Kwetu mvua ndiyo mtihani. Hema nzuri ina vitambaa viwili: cha ndani cha kupumulia, na cha nje cha kuzuia maji, navyo havigusani. Ile tuliyoazimwa ilikuwa na kimoja tu, ndiyo maana kila kugusa kulileta maji. Sakafu iwe ya plastiki nzito, iliyopanda ukutani kama beseni kwa sentimetre 10 au zaidi. Mishono iwe imefunikwa kwa utepe. Kwenye karatasi ya hema mtaona namba kama 1500 au 3000. Ni milimetre za maji ambazo kitambaa kinaweza kubeba kabla ya kupitisha. Kwa mvua zetu, msishuke chini ya 2000, na sakafu izidi hapo.

Hewa nayo ni lazima. Watu saba wakipumua usiku mzima, asubuhi ukuta unatoa jasho. Tafuteni madirisha mawili yanayotazamana, yenye wavu usiopitisha mbu. Zipu ifunge mpaka chini kabisa, maana siafu na nyoka hawabishi hodi. Ijaribuni zipu mara kumi hapo hapo dukani. Ikikwama mara moja, irudisheni. Wavu ukiwa na tundu, ushoneni siku hiyo hiyo. Watoto chini ya miaka mitano na wamama wenye mimba walale ndani ya chandarua chenye dawa hata humo ndani ya hema.

Jambo moja hatutalinyamazia: msiingize mbabula ndani ya hema, hata kama mvua inanyesha, hata kama makala yamebaki mekundu kidogo tu. Hewa ya makala haina harufu, nayo inaua watu wakiwa usingizini. Pikeni nje, chini ya bashi iliyo wazi pande zote.

Hema au bashi?

Tuseme ukweli: si kila familia inahitaji hema. Bashi ya metre 4 kwa 5 inafunika metre 20 za mraba, ina uzito wa kilo 4 au 5 hivi, na mama anaibeba pamoja na mzigo wake. Inafaa kwa matanga, kwa kuanika mpunga, kwa kufunika mizigo juu ya lori. Hema kubwa ya wakimbizi inapita kilo 40. Bila lori haitembei. Lakini bashi haina sakafu, haina ukuta, haina wavu. Kama unatoka mara moja kwa mwaka, nunua bashi mbili nzuri, moja ya juu na moja ya chini, pamoja na vyandarua. Pesa inayobaki ilipe ada ya shule.

Mkikuta sokoni hema au bashi yenye alama ya shirika la misaada, ulizeni imetoka wapi. Ilitolewa kwa familia iliyokosa nyumba. Kama jibu halieleweki, iacheni.

Tulivyoamua sisi

Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana tulibishana wiki tatu. Hatimaye tulinunua hema moja kubwa na bashi mbili kwa pesa ya pamoja. Kila anayeazima anaandika jina kwenye daftari na kutoa kidogo kwa ajili ya matengenezo. Mama mwenye mtoto anayenyonya anapewa kwanza. Hema inarudi ikiwa kavu: ikikunjwa na maji, kwa siku chache tu kuvu inaanza kuila. Haiachwi wima uani wiki nzima kwa kujionyesha, kwa maana jua linachoma kitambaa mpaka kinapasuka kama karatasi. Tuliongeza vigingi vya chuma na kamba za ziada, na nguzo iliyovunjika tuliibadilisha kwa mwanzi.

Neno gumu lilikuja baadaye. Baba mmoja, mume wa mwenzetu, aliomba hema kwa wiki mbili aende nayo kwenye machimbo ya kasiterite. Aliahidi kulipa mara tatu. Wengine walisema tukubali, pesa ni pesa. Mwenzetu mwenyewe, mke wake, ndiye aliyesimama na kusema: «Hema hii niliinunua kwa pesa ya sombe na mafuta. Mvua ikimkuta mtoto barabarani wakati hema iko shimoni, nitamwambia nini?» Tulikataa, lakini tulimwazima bashi moja. Aliondoka amekasirika. Aliirudisha ikiwa safi, na sasa wanasalimiana na kikundi vizuri.

Mkifika pa kulala

Mkiisimika hema, chagueni mahali palipoinuka kidogo, mbali na mkondo wa maji. Tazameni juu: tawi kavu linaanguka wakati wa upepo. Msilale nyuma ya lori wala chini yake, na kaeni mbali na moshi wake. Chimbeni mtaro mdogo kuzunguka hema kabla mvua haijaja. Na isimikeni mara moja uani kabla ya safari, ili gizani kila mtoto mkubwa ajue kamba yake.

Vikundi vinavyotaka kupima hema kabla ya kununua, njooni kwenye mkutano wetu wa juma. Leteni kamba moja, kitenge kimoja, na watoto wote. Msiwaache nyumbani, kwa maana wao ndio kipimo.