Fizikia na Ufundi Havitengani

Ipo dhana iliyoota mizizi nchini kwamba kazi za mikono ni kimbilio la wanafunzi walioshindwa na vitabu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, mojawapo ya madhumuni yake lilikuwa kuing'oa dhana hiyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka wa 2017, umeirithi kazi iyo hiyo. Anayeishikilia dhana hii hadi leo namshauri aende karakanani akajifunze, kama nilivyojifunza mimi, kuchomelea alumini kwa njia iitwayo TIG.

Katika njia hii, umeme huwasha moto mkali kati ya ncha ya tungsteni na kipande kinachochomelewa, huku gesi ya agoni ikizuia hewa isiyaguse madini yaliyoyeyuka. Mkono mmoja hushika kifaa chenye ncha hiyo, wa pili hulisha ufito wa alumini, nao mguu huongeza au kupunguza umeme kwa kanyagio.

Kuvipatanisha viungo hivyo si kazi rahisi, lakini hakutoshi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali utando mwembamba wa oksidi ulioifunika hauyeyuki mpaka zipite nyuzi 2,000. Asiyelijua hilo ataongeza moto hadi madini ya ndani yawe uji na ngozi ya juu ingali nzima. Kisha kipande kitatoboka ghafla. Ndiyo sababu kipande hufutwa mafuta na kusuguliwa kwa brashi safi ya waya, kisha hutumiwa umeme wa mkondo geu: unapoelekea upande mmoja huuvunja utando, unapogeuka hupeleka joto ndani.

Isitoshe, chuma hugeuka chekundu kabla ya kuyeyuka, lakini alumini haimwonyi mtu kwa rangi. Tena hupitisha joto upesi, hivyo kipande kilichohitaji moto mwingi mwanzoni huhitaji mdogo baadaye, na mguu hauna budi kulegea. Fundi aliyenifunza hakuishia kuniambia nipunguze moto. Alinieleza kwa nini. Maelezo yale ndiyo yaliyoniwezesha kubadilisha unene wa bati bila kumngojea aniamuru.

Mwanafunzi aliyeyanakili haya daftarini pekee huenda akapasi mtihani, lakini bati litamtoboka mkononi. Naye aliyeiga mikono ya fundi bila maelezo huenda asijue kwamba agoni ikijaa katika chumba kisichopitisha hewa humnyima mtu pumzi, au kwamba miale ya moto huo huyachoma macho yasiyokingwa.

Kwa hivyo nawasihi walimu wa fizikia, kemia na ufundi wapange vipindi kwa pamoja, na angalau mara moja kila muhula wafunze karakanani. Nanyi wanafunzi, msiogope kumwuliza fundi sababu ya kila anachokifanya.