Mkusanyo wa Nyumbani kama Hifadhi: Filamu za Jozi za Wachekeshaji na Hatima Yake Oldeani, Wilaya ya Karatu

1.0 Utangulizi

Filamu ya kuchekesha hununuliwa ili itazamwe. Ni nadra kununuliwa ili ihifadhiwe. Hata hivyo, historia ya sinema inaonyesha kwamba baadhi ya filamu muhimu za wachekeshaji zimesalia hadi leo kwa sababu kuna mtu aliyeziweka nyumbani kwake. Makala hii inafafanua namna mkusanyo wa nyumbani unavyogeuka kuwa hifadhi pasipo mwenye nyumba kukusudia hivyo. Ufafanuzi unajikita katika filamu za jozi za wachekeshaji, yaani filamu ambazo kichekesho chake hutokana na watu wawili wanaotofautiana kwa umbo, umri, akili au hadhi. Eneo linalotumika kupimia hoja hiyo ni Oldeani, katika Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, ambako filamu haikuwahi kuwa jambo la jumba la sinema kama ilivyokuwa mijini. Hoja kuu ni kwamba, kwa filamu za aina hii, diski zilizomo ndani ya kabati la runinga ni ushahidi wa kitaaluma unaostahili kuorodheshwa, na kwamba muda wa kufanya hivyo ni mfupi.

2.0 Dhana ya Jozi katika Uchekeshaji

Kumchekesha mtu kwa njia ya watu wawili si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili. Katika ngano, Sungura humhitaji Fisi ili werevu wake uonekane. Vivyo hivyo Abunuwasi humhitaji Sultani. Mmoja akiondolewa, mwingine hubaki bila kazi. Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotoka mwaka 1900, alieleza kwamba marudio ni miongoni mwa vyanzo vya kicheko: mtu huchekesha anapotenda kama mashine isiyojifunza kutokana na makosa yake. Jozi ya wachekeshaji huyafanya marudio hayo kuwa ya watu wawili. Mmoja hukosea, mwenzake hukasirika, kisha mwenye hasira ndiye anayeangukiwa na balaa.

Kielelezo kinachofahamika zaidi duniani ni Stan Laurel na Oliver Hardy, mwembamba na mnene, waliounganishwa rasmi kuwa jozi mwaka 1927 katika studio ya Hal Roach nchini Marekani. Walionekana pamoja katika filamu zaidi ya 100, fupi na ndefu. Filamu yao fupi ya The Music Box ya mwaka 1932, inayohusu kupandisha piano juu ya ngazi ndefu, ilipata Tuzo ya Oscar. Athari za wachekeshaji wa zama hizo zimeingia hadi katika msamiati wa Kiswahili: neno chale, kwa maana ya mtu anayechekesha wenziwe kwa vituko, linahusishwa na jina la Charlie Chaplin.

Nchini Tanzania, jozi zilishamiri katika filamu za video. Amri Athuman, maarufu kama King Majuto (1948–2018), alikuwa mzee wa Tanga ambaye ujanja wake uliwahitaji vijana wa kuukabili. Miongoni mwao ni Hussein Mkiety, maarufu kama Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi Novemba 2012 akiwa bado kijana. Kichekesho chao kilitokana na pengo la vizazi: mzee wa kanzu na maneno ya busara iliyopinda, na kijana wa kisharobaro mwenye mavazi ya kubana na lafudhi ya kujidai. Sharo Milionea aliunda pia jozi na Kitale, aliyeigiza uhusika wa teja. Hapo pengo likawa la hadhi: mmoja anajifanya tajiri, mwingine hana hata cha kujifanyia.

Sifa hizi zina matokeo ya kimbinu. Filamu moja ya jozi haijitoshelezi. Mtazamaji hucheka kabla ya tendo kwa sababu ameliona tendo linalofanana nalo katika filamu iliyotangulia. Kwa hiyo maana ya jozi haimo ndani ya filamu moja, bali imetandazwa katika filamu zote. Mtafiti aliyepata filamu mbili za jozi fulani ana sehemu ya utani tu. Mwenye mkusanyo ndiye anayeweza kuona namna ulivyokua, ulivyorudiwa na ulivyochoka.

3.0 Filamu Ilivyofika Nyumbani

Oldeani iko kwenye miteremko iliyo chini ya mlima wa jina hilo, kando ya msitu wa Ngorongoro. Mashamba yake ya kahawa yalianzishwa na walowezi wa Kizungu, wengi wao Wajerumani, katika kipindi cha kati ya vita viwili vya dunia. Mashamba hayo yalivuta vibarua kutoka sehemu mbalimbali. Katika eneo ambalo Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe ni majirani, Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya soko na ya burudani.

Majumba ya sinema yalikuwa taasisi ya mijini. Utafiti wa Laura Fair, uliochapishwa mwaka 2018, umeonyesha jinsi majumba hayo yalivyokuwa sehemu ya maisha ya watu wa miji ya Tanzania katika karne ya 20. Mtu wa mashambani hakuwa na tiketi ya kununua wala kiti cha kuwahi. Runinga nayo ilichelewa: Zanzibar ilianza matangazo mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vilipoanzishwa vituo binafsi kama ITV. Kwa mazingira ya aina ya Oldeani, basi, filamu ilifika hasa kama kitu cha kushikwa mkononi: kwanza kanda ya video, kisha diski.

Diski ya VCD ndiyo iliyobadilisha hali. Ilikuwa nyepesi, rahisi kunakiliwa na nafuu kuliko kanda. Uwezo wake ni takribani dakika 74 hadi 80 za picha, hivyo filamu ndefu ililazimika kugawanywa katika diski mbili. Mgawanyo wa sehemu ya kwanza na ya pili, uliozoeleka katika filamu za Kitanzania zilizofuata mafanikio ya Girlfriend ya mwaka 2003, unahusiana na kikomo hicho, ingawa ulikuwa pia na faida ya kibiashara: mnunuzi alilipa mara mbili. Matokeo yake kwa hifadhi ni kwamba makusanyo mengi yana nusu ya hadithi. Diski moja huazimwa na jirani, na isiporudi, filamu hubaki bila mwisho.

Ni muhimu kutofautisha mkusanyo wa nyumbani na kibanda umiza. Katika kibanda, filamu hupangwa kwa kufuata kile kitakachojaza mabenchi jioni hiyo. Nyumbani, filamu hurudiwa. Pale ambapo umeme ulitokana na sola, betri ya gari au jenereta, kila utazamaji ulikuwa na gharama yake, na filamu iliyorudiwa ilikuwa imechaguliwa kwa makusudi. Vichekesho vya jozi hustahimili marudio hayo. Kwa mtazamaji ambaye lugha yake ya kwanza si Kiswahili, kichekesho cha mwili hueleweka siku ya kwanza; kichekesho cha maneno, hasa cha lafudhi ya Tanga au cha misimu ya vijana wa Dar es Salaam, huja baadaye kwa kurudiarudia.

4.0 Funzo la Laurel na Hardy

Thamani ya mkusanyo binafsi inathibitishwa na hatima ya filamu za Laurel na Hardy zenyewe. Hats Off ya mwaka 1927 imepotea. The Battle of the Century ya mwaka huohuo, yenye tukio maarufu la umati kurushiana keki za krimu, ilijulikana kwa miongo mingi kwa vipande tu. Vipande hivyo vya tukio la keki vilitokana na Robert Youngson, aliyevitumia katika filamu yake ya makusanyo ya mwaka 1957. Nakala kamili ya sehemu ya pili ilitambuliwa mwaka 2015 na mkusanyaji Jon Mirsalis, ndani ya shehena iliyokuwa imepita kutoka kwa Youngson kwenda kwa mkusanyaji mwingine kabla ya kumfikia yeye. Filamu hiyo ikaingia katika toleo la filamu zilizokarabatiwa lililotoka mwaka 2020.

Kabla ya hapo, kampuni ya Blackhawk Films ya Davenport, Iowa, ilikuwa imewauzia watu binafsi nakala za filamu za jozi hiyo katika milimita 8 na 16. Baadaye yalifuata makasha ya diski: diski 21 nchini Uingereza mwaka 2004, na diski 10 nchini Marekani mwaka 2011. Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, aliyeiokoa filamu si lazima awe aliyeitengeneza. Pili, nakala iliyosalia ilitambuliwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejua anachokitafuta. Bila orodha ya kilichopotea, kilichopatikana hakitambuliki.

5.0 Hali ya Diski na Usomaji Wake

Tofauti na filamu za selulosi, diski za VCD na DVD zina maisha mafupi zaidi katika mazingira ya nyumbani. Katika VCD, tabaka linalobeba picha liko karibu na upande wenye maandishi. Kwa hiyo kubandua karatasi au kukwaruza upande huo huharibu zaidi kuliko mchubuko wa upande wa chini. Katika DVD, tabaka hilo liko katikati ya plastiki, hivyo linalindwa kiasi. Diski zilizochomwa kwa kompyuta hutegemea rangi inayofifia kwa mwanga na joto. Vumbi jekundu la Karatu wakati wa kiangazi huingia katika lenzi ya deki, na ukungu wa miinuko ya Oldeani huleta unyevu ambao kanda za video hauzipendi. Zaidi ya hayo, deki zenyewe zinatoweka kadiri flashi, simu na ving'amuzi vinavyochukua nafasi. Diski nzima isiyo na deki ya kuisoma haina tofauti kubwa na diski iliyovunjika.

Kwa mtafiti, kava na diski husomeka kama waraka. Jina la msambazaji, namba ya toleo na orodha ya waigizaji husaidia kuirejesha filamu katika mfuatano wake. Stempu ya kodi ya TRA, iliyoanza kutumika kwa bidhaa za filamu na muziki mwaka 2013, huonyesha kwamba nakala iliingia sokoni kihalali tangu mwaka huo. Kukosekana kwake kunaweza kumaanisha ama nakala ni ya zamani ama ni ya wizi, na mambo hayo mawili hayapaswi kuchanganywa. Mwandiko wa kalamu juu ya diski iliyochomwa nao ni data: mara nyingi huandika majina ya wachekeshaji, si jina la filamu, jambo linaloashiria kwamba mtazamaji aliitambua jozi kwanza.

6.0 Suala la Haki

Hapa pana mgongano usioweza kukwepwa. Nakala ya wizi inaweza kuwa ndiyo pekee iliyosalia, ilhali kila nakala ya wizi ilimnyima msanii malipo yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inalinda kazi hata pale mwenye kuinunua alipodhani ni halali. Ugonjwa wa King Majuto mwaka 2018 uliibua mjadala wa umma kuhusu mikataba ya wasanii, kwani umaarufu wake katika kila nyumba haukulingana na hali yake ya kipato. Kwa hiyo thamani ya nakala kama ushahidi haihalalishi kuisambaza upya. Kinachowezekana bila kuvunja haki ni kuorodhesha: jina, kava, hali ya diski, namna ilivyopatikana na maelezo ya mwenye nyumba, kwa ridhaa yake. Kunakili kufuate baadaye, kwa idhini ya wenye haki.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba filamu za jozi za wachekeshaji zinategemea mkusanyo kuliko aina nyingine nyingi za filamu, kwa kuwa maana yake imo katika marudio. Imeonyesha pia kwamba filamu za Laurel na Hardy ziliokolewa kwa sehemu na watu waliozipenda tu. Kwa filamu za akina King Majuto na Sharo Milionea, watu hao wapo, na baadhi yao wanaishi mbali na Dar es Salaam na Tanga, katika maeneo kama Oldeani. Wahusika wakuu wawili wa utani huo wamekwisha kufariki, na diski zinaendelea kuchakaa. Orodha ya nyumba kwa nyumba, ikianzia kata moja, ni kazi inayowezekana kwa kalamu, daftari na deki moja inayofanya kazi. Isipofanyika mapema, mtafiti wa kesho atalazimika kuisoma jozi kupitia mmoja wao tu, jambo ambalo ni sawa na kumsimulia Sungura bila Fisi.