Jukwaa la Viti kwa Chumba cha Sinema Nyumbani: Jenga kwa Hatua, Lipa kwa Hatua

Nyumbani kwetu Nakuru, siku ya mpira huwa na mechi mbili: moja kwa skrini, na nyingine ya kugombania mahali pa kukaa. Aliye sofa ya nyuma anaona visogo tu. Mzee wetu, ambaye projekta ilinunuliwa kwa ajili yake, alikuwa anaishia kusimama mlangoni.

Ndio sisi watoto wanne tukaamua kuchanga, tujenge jukwaa la mbao kwa kile chumba cha ziada ili sofa ya nyuma ikae juu kidogo, kama kule sinema. Mimi nikafanywa mweka hazina, eti kwa sababu nafanya kazi na mambo ya pesa kwa simu. Siku mbili baadaye nilikuwa nimepoteza shilingi 15,000.

Ilikuwaje? Fundi alikuja, akapima, akasema mbao ni 15,000. Akaniomba nitume kwa namba ya "wife" kwa sababu laini yake ilikuwa na shida. Jina lililotokea kwa simu kabla sijaweka PIN sikulijua, lakini nikabonyeza tu. Kesho yake simu imezimwa. Tulimpata baada ya wiki tatu, akasema alilipa karo ya mtoto. Alirudisha 6,000 kidogo kidogo. Hiyo 9,000 iliyobaki, mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuieleza kwa grupu ya familia.

Jukwaa tulilijenga baadaye na fundi mwingine, na hakuna shilingi iliyopotea. Hebu nikuonyeshe tulivyofanya.

1. Pima kabla ya kuita fundi

Usipojua unataka nini, fundi ndiye atakayekuamulia, na bei itafuata. Urefu wa jukwaa haukisiwi. Chukua uzi na watu watatu.

- Mmoja ashike uzi kwa ukingo wa chini wa picha ukutani.
- Wa pili akae sofa ya mbele. Uzi upite juu ya kichwa chake.
- Wa tatu auvute uzi huo ukiwa umenyooka mpaka pale sofa ya nyuma itakapokuwa.

Pima kutoka sakafuni hadi kwenye uzi hapo nyuma. Kisha toa urefu wa macho ya mtu akiwa amekaa. Kinachobaki ndicho kimo cha jukwaa lako.

Kwetu, ukingo wa chini wa picha ulikuwa sentimita 80 kutoka sakafuni. Aliyekaa mbele yuko mita 2.4 kutoka ukutani, na kichwa chake kinafika sentimita 112. Nyuma, mita 4.2 kutoka ukutani, uzi ulifika 136. Macho yako 100, kwa hivyo tungehitaji jukwaa la sentimita 36. Tulipoinua picha ikaanzia 90, uzi ulishuka hadi kama 128, na jukwaa likawa la 28 tu. Kuinua picha ni bure, mbao si bure. Anza na picha.

Tulikubaliana sentimita 30, yaani karibu futi moja. Kabla hujafurahi, simama juu ya stuli ya kimo hicho na uangalie juu. Kama kuna feni au taa inaning'inia, mtu mrefu ataigonga. Angalia pia kama mlango utafunguka vizuri na kama kuna soketi itakayofichwa nyuma ya jukwaa.

2. Andika orodha ya vifaa mwenyewe

Chumba chetu ni futi 16 kwa 10. Jukwaa tulilifanya futi 8 kwa 6: sofa ya watu watatu inatosha, na miguu inapata nafasi mbele. Lakini hatukulijenga likiwa kipande kimoja. Ni masanduku mawili ya futi 4 kwa 6, yameunganishwa kwa bolti. Ukiwa mpangaji hii ndiyo njia ya maana: siku ya kuhama unafungua bolti, unabeba, na hujatoboa ukuta wa landlord.

Kuna sababu nyingine ya vipimo hivyo. Plaiwudi huuzwa kwa shiti la futi 8 kwa 4. Shiti moja linafunika sanduku moja na linabakisha kipande cha futi 2 kwa 4, ambacho kinatosha kuwa sehemu ya juu ya ngazi. Hakuna kinachotupwa.

Orodha yetu ilikuwa hivi:

- Mbao za 6x2 za fremu: futi 64. Kila sanduku lina mbao nne za futi 6 zilizoachana inchi 16, na mbili za futi 4 za kufunga mwisho huku na huku.
- Mbao za 3x3 za miguu: futi 16. Ni miguu minane kwa kila sanduku, kila mmoja chini ya futi moja.
- Mbao za 4x2 za fremu ya ngazi: futi 16.
- Plaiwudi ya milimita 18: mashiti mawili.
- Skrubu, bolti na kapeti.

Saiprasi inatosha kwa kazi hii. Muhimu ni iwe kavu, kwa sababu mbao mbichi hupinda ikishakauka, na jukwaa litaanza kucheza. Angalia pia matundu madogo ya dudu.

Orodha hii ndiyo silaha yako. Ilinisaidia kupiga simu kwa yadi tatu za mbao na kuuliza bei ya futi moja, nikajua gharama kabla ya kutoa hata shilingi. Yule fundi wa kwanza hakuwahi kuniandikia hata mstari mmoja.

3. Tenganisha pesa ya vifaa na pesa ya ufundi

Hapa ndipo wengi wetu tunaumia. Tunampa fundi pesa zote pamoja, halafu hatujui gani ni ya mbao na gani ni yake.

Pesa ya vifaa: lipa duka moja kwa moja kwa namba ya till yao. Fundi aende akuchagulie mbao, hiyo ni kazi yake na anaijua kukuliko. Akimaliza kuchagua na kuhesabu, unalipa wewe, hata ukiwa mbali. Mimi nilikuwa kazini Nairobi. Fundi alinitumia picha ya mbao zikiwa zimepangwa na ya risiti, mwenye yadi akanisomea namba ya till kwa simu, nikaangalia jina la biashara lililotokea, likalingana na la kwenye risiti, ndipo nikaweka PIN.

Pesa ya ufundi: gawa mara tatu, na kila mara iwe kwa kitu ambacho umekiona. Tulikubaliana 9,000.

- Shilingi 2,000 siku ya kuanza. Fundi pia ana nauli na anakula, usimnyime.
- Shilingi 4,000 fremu ikisimama, kabla ya kufunikwa na plaiwudi.
- Shilingi 3,000 kazi ikiisha na kujaribiwa.

Ile ya pili iwe kabla ya kufunika kwa sababu plaiwudi ikishapigwa, makosa yote yamezikwa. Fremu ikiwa wazi, weka pima maji juu yake, hesabu mbao, tikisa miguu. Hakikisha ametumia skrubu, si misumari. Misumari hulegea, na jukwaa linaanza kulia kila mtu akisogea. Kama unaishi ghorofani, chini ya kila mguu weka kipande cha kapeti kuukuu, jirani wa chini atakushukuru.

4. Kabla hujaweka PIN

- Jina la mpokeaji lilingane na mtu mliyepatana naye. Fundi akitaka utume kwa namba nyingine, mwombe akuandikie hivyo kwa ujumbe, na umpigie uhakikishe ni yeye. Bado una shaka? Ngoja mpaka mkutane.
- Usifute ujumbe wa uthibitisho. Una kodi ya muamala, jina, kiasi, tarehe na saa. Mimi nilikuwa nazituma zote kwa grupu ya familia siku hiyo hiyo, na hakuna aliyeniuliza swali tena.
- Ukikosea namba, omba kurudishiwa mara moja, kabla pesa haijatolewa. Lakini elewa tofauti: huduma hiyo ni ya makosa ya kutuma. Ukituma kwa mtu uliyemkusudia, halafu asifanye kazi, hilo sasa ni deni kati yenu. Ndiyo maana 15,000 yangu sikuweza kuirudisha kwa kubonyeza simu.
- PIN ni yako peke yako. Si ya fundi, si ya mwenye duka, wala si ya mtu anayekupigia akisema ni wa huduma kwa wateja.

5. Jaribu kabla ya malipo ya mwisho

Msiketi tu kwa upole. Watu wazima wanne wasimame juu na watembee huku na huku. Sikiliza kelele, angalia kama plaiwudi inabonyea katikati. Pitisha mkono pembeni kutafuta vibanzi, kisha fundi apige msasa.

Ngazi tuliiweka ubavuni, kwenye zile futi 2 zilizobaki kando ya jukwaa. Kimo chake ni sentimita 15, nusu ya jukwaa, ili mzee asinyanyue goti sana. Kwa ukingo tulibandika utepe mweupe. Sinema huangaliwa taa zikiwa zimezimwa, na mtu akisahau kwamba sakafu imeisha, ataanguka. Nyuma na kando, sofa isikae ukingoni kabisa, na kama kuna pengo, weka ubao wa kuizuia isiteleze.

Nilimtumia fundi 3,000 yake nikiwa nimesimama juu ya jukwaa lenyewe. Akaangalia simu, akacheka, akauliza kama kuna mtu mwingine namjua anataka kazi. Yuko: wewe unayesoma hapa una fundi wako mtaani, mpe kazi. Lakini leo kabla ya kumpigia, chukua uzi, pima chumba chako, na uandike orodha.

Jumamosi hiyo mzee alikaa juu, katikati ya sofa ya nyuma. Sasa ni sisi wa chini tunaoambiwa tunyamaze.